Kufubaza Virusi kabla ya Siku ya Kujifungua

Ndugu wahudumu wa afya, ndugu wazazi, nanyi nyote mliofika,

Nimeombwa nizungumzie kufubaza virusi kwa wajawazito wanaoishi na VVU, nami naomba tangu mwanzo nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa mno kliniki, yaani kuchukua dawa na virusi kufubaa, maana yake kupungua mno katika damu. Kadi ya mama inaweza kuonyesha kwamba hakukosa kuchukua dawa hata mwezi mmoja, na papo hapo damu yake ikawa na maelfu ya nakala za virusi katika kila mililita. Kinachomkinga mtoto ni uchache wa virusi katika damu ya mama na, baadaye, katika maziwa yake.

Pasipo kinga wala tiba yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya kila 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na akina mama wenye VVU huambukizwa, ama wakiwa tumboni, ama wakati wa uchungu na kujifungua, ama kwa kunyonya. Huko Ufaransa walifuatiliwa akina mama zaidi ya 2,600 walioanza dawa kabla ya kushika mimba, wakaendelea nazo bila kukatiza, na wakajifungua wakiwa na virusi chini ya nakala 50. Hakuna hata mtoto mmoja wao aliyeambukizwa katika ujauzito au uzazi. Kila ninapoutaja ukweli huu mbele ya mjamzito aliyepimwa leo na kuambiwa ana VVU, naona ni haki yake kuusikia kabla ya ushauri mwingine wowote.

Hata hivyo, dawa inahitaji muda, na mimba ina kikomo chake. Mama aliyeanza dawa wiki ya 12 ana miezi ya kutosha. Aliyefika kliniki kwa mara ya kwanza wiki ya 32 ana wiki chache tu. Ndiyo maana dolutegraviri, ambayo hushusha virusi kwa kasi kuliko dawa zilizoitangulia, imekuwa na umuhimu wa pekee kwa wajawazito. Katika utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, wanawake walianzishiwa dawa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba: waliopewa dolutegraviri, 74% walijifungua wakiwa chini ya nakala 50, ilhali waliopewa efavirenzi, mojawapo ya dawa zilizoitangulia, walikuwa 43%. Haya ni mafanikio makubwa, lakini robo ya wale waliopewa dawa bora hawakuwahi, na kwao kasoro ilikuwa kuchelewa kuanza.

Lipo jambo dogo ambalo naliona likipuuzwa. Karibu kila mjamzito hupewa vidonge vya madini ya chuma, na wengine kalisi (kalsiamu). Madini haya hushikana na dolutegraviri tumboni, hata kiasi kinachoingia katika damu kikapungua. Mama anayemeza vyote pamoja asubuhi kabla ya kula anafuata dawa kwa uaminifu, lakini hapati dozi kamili. Ama avimeze pamoja na chakula, ama ameze dolutegraviri saa mbili kabla ya madini au saa sita baada yake. Maelezo haya hayachukui hata dakika moja, na ayapate siku ileile anayokabidhiwa vidonge, pamoja na maelekezo ya nini cha kufanya akitapika.

Kipimo cha wingi wa virusi cha wiki ya 34 hadi 36 ndicho kinachoamua mtoto apokelewe vipi. Mama akikutwa na nakala 1,000 au zaidi, mtoto huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa, na hupaswa kuanzishiwa dawa mbili za kumkinga, zidovudini na nevirapini, mara tu anapozaliwa. Majibu yakikaa maabara mpaka mama akajifungua, nafasi hiyo imepotea, na hapa lawama ni yetu sisi wahudumu, si ya mama.

Baada ya kujifungua wengi hulegeza mkazo, na kwa kweli huu ndio wakati ninaouhofia zaidi. Mama hana usingizi, mtoto analia, na huenda amehamia kwa ndugu wasiojua hali yake, ambako hana mahali pa kuficha kopo la dawa. Virusi vilivyofubaa miezi yote ya mimba huweza kupanda tena katika mazingira hayo huku mtoto akinyonya mara nyingi kwa siku. Kwa hiyo mama apimwe tena miezi mitatu baada ya kujifungua, kisha kila baada ya miezi sita hadi mtoto aachishwe ziwa, na vipimo hivyo vipangwe siku ileile ya kliniki ya mtoto, ili asilazimike kutafuta udhuru wa safari ya pili.