Santuri Ziliuza, Vyeti Viko Wapi?

NEEMA: Karibuni. Leo nimekuja na santuri ya marehemu baba: Jim Reeves, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, zile nyimbo za Krismasi za 1963. Jalada limeshikwa na selotepu. Hapa katikati kuna mkwaruzo, na kila ikifika hapo baba alikuwa anaweka shilingi juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isiruke.

JUMA: Na nyumbani kwenu mlijua Krismasi imefika.

NEEMA: Kabla hata ya kuchinja kuku! Sasa kaka Juma, nieleze. Hivi vyeti vya mauzo, vya dhahabu na platinamu, wanavyopewa wanamuziki wa Marekani, nani huhesabu?

JUMA: Hutolewa na RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki: dhahabu tangu 1958, platinamu tangu 1976. Lakini wengi tunadhani mauzo yakifika kiwango, cheti hutoka chenyewe. Hapana, dada. Lazima kampuni iombe na ilipie, wakaguzi wapekue hesabu za mauzo, ndipo cheti kitoke. Isipoomba, santuri hata ikiuza vipi, kwenye orodha ya RIAA haimo.

NEEMA: Kumbe! Basi kukosa cheti si ushahidi kwamba haikuuza.

JUMA: Hata kidogo. Na wakongwe wa kantri ndio walioumia. Jimmie Rodgers alifariki 1933. Hank Williams alifariki tarehe 1 Januari 1953, miaka mitano kabla ya mpango wenyewe kuanza. Watu walinunua nyimbo zao kwenye zile santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, ukiiangusha moja inavunjika kama kigae. Nani aliyekuwa akitunza hesabu akifikiria cheti ambacho hakijabuniwa?

NEEMA: Lakini za zamani zinaweza kuombewa leo?

JUMA: Zinaweza, na ndilo linaloniuma, kwa sababu imeshafanyika. Elvis Presley, ambaye naye yumo katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri: mwaka 1992, miaka 15 baada ya kufa kwake, kampuni yake ya kurekodi, RCA, ilirudi kwenye makabrasha yake, na vyeti 110 vikatolewa kwa mpigo.

NEEMA: Mia na kumi!

JUMA: Mauzo yalikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua kabati. Patsy Cline naye alifariki kwenye ajali ya ndege 1963. Mkusanyiko wa nyimbo zake uliotoka 1967 ukaja kupata almasi 2005, yaani nakala milioni 10. Sasa jiulize kuhusu wale wasio na jina kubwa hivyo. Kampuni zimeuzwa na kununuliwa, Decca ikaingia MCA, MCA ikawa Universal. Kila ofisi inapohama, makaratasi yako hatarini.

NEEMA: Na siku hizi si wanahesabu hata tunaosikiliza mtandaoni?

JUMA: Ndiyo, kwa wimbo mmoja mmoja tangu 2013. Ukisikilizwa mara 150 ni sawa na nakala moja. Utaratibu huo utasaidia wakongwe, nakubali. Ila mimi nataka pia ihesabiwe ile nakala ya mkulima aliyetoa pesa yake mfukoni 1950.

NEEMA: Na hii ya baba je? Ilihesabiwa?

JUMA: Hiyo hapana. RIAA inahesabu mauzo ya Marekani tu. Hiyo imenunuliwa Nairobi.

NEEMA: Baba alinunua tatu, Juma. Ya kwanza iliisha kwa kuchezwa, ya pili akaazima mjomba haikurudi.

JUMA: Basi wenye haki za nyimbo hizi waombe walau zile zinazohesabika, wangali wapo watoto na wajukuu wa kukabidhiwa hicho cheti. Hebu tuisikie.

NEEMA: Ngoja nitafute shilingi.