Goli la Pointi Mbili: Msimu wa 2020 wa Super Netball

ZUHURA: Haya, karibuni. Leo tunakwenda Australia, ligi yao ya netiboli, Super Netball, msimu wa 2020. Mwanaidi ndiye aliyeng'ang'ania.

MWANAIDI: Niling'ang'ania kweli, dada. Na tusianze na corona, tuanze na goli la pointi mbili.

ZUHURA: Hapo tutagombana.

MWANAIDI: Tugombane tu. Kwa asiyejua: ile nusu duara ya kufungia ina mita 4.9 kutoka katikati ya mstari wa goli. Wakachora mstari mwingine humo ndani, ukabaki ukanda wa mita 1.9 kwa nje. Zikifika dakika tano za mwisho za kila robo, ukifunga kutoka kwenye ukanda huo unapata mbili. Ukiwa chini ya pete ni moja kama kawaida.

ZUHURA: Na wakatangaza lini? Juni inaisha, ligi inaanza Agosti mosi! Chama cha wachezaji kikalalamika kwamba hakikushirikishwa. Hivi unambadilishiaje mtu kazi yake bila hata kumuuliza?

MWANAIDI: Kwenye kutowauliza niko na wewe. Kwenye sheria yenyewe, hapana.

ZUHURA: Sheria yenyewe ndiyo mbaya zaidi. Mchukue Mwai Kumwenda, Mmalawi, GS, yaani mfungaji, wa timu ya Melbourne Vixens. Mwai anakaa chini ya nguzo, beki yuko mgongoni, mpira unarushwa juu, anaruka anaudaka, anatulia, anafunga. Huo ni ufundi wa miaka. Halafu unakuja kumwambia dakika hizi tano goli lako ni nusu ya goli la mwenzako aliyesimama kule nje!

MWANAIDI: Mwenzake mwenyewe ni Tegan Philip, wako timu moja! Hapo ndipo utamu ulipo. Mwai akiwa chini, beki hawezi kumwacha. Akimng'ang'ania yeye, Philip anapata nafasi kule nje. Na msimu huohuo waliruhusu kubadilisha wachezaji mchezo ukiendelea, bila kusubiri robo iishe wala mtu aumie. Kocha Simone McKinnis akawa na Caitlin Thwaites pia wa kumchezesha pale mbele. Unamtoa huyu, unamwingiza yule, saa inakwenda.

ZUHURA: Kwa hiyo kocha mwenye benchi nene ndiye anayefaidi.

MWANAIDI: Si ndivyo ilivyo siku zote?

ZUHURA: (anacheka) Haya, corona sasa. Maana Vixens walihama kabisa.

MWANAIDI: Jiji la Melbourne lilifungwa, watu hawatoki. Ligi nzima ikahamia jimbo la Queensland, timu zote nane. Wachezaji wakaishi hotelini miezi. Peace Proscovia wa Uganda alikuwa Sunshine Coast Lightning, yeye angalau timu yake ni ya hukohuko Queensland, ilikuwa nyumbani. Vixens wao walicheza msimu wote ugenini, na bado wakamaliza wa kwanza kwenye msimamo.

ZUHURA: Fainali ikawa Brisbane, Oktoba 18, na West Coast Fever. Sasa hawa Fever wana Jhaniele Fowler, Mjamaika, urefu unakaribia mita mbili. Beki unaruka, unanyoosha mikono, na mpira bado unapita juu yako.

MWANAIDI: Na Fowler hakuhangaika na ule ukanda. Kazi yake ilikuwa moja moja, chini ya pete, karibu hakosi.

ZUHURA: Ikaisha 66 kwa 64, Vixens bingwa. Tofauti ni pointi mbili, Mwanaidi. Mbili! Ni goli moja la mbali. Ndiyo maana siipendi: mechi ya dakika sitini unaweza kuimaliza kwa mtu mmoja kubahatisha.

MWANAIDI: Kubahatisha! Mtu anayepiga kutoka kule mazoezini kila siku asubuhi, unasema anabahatisha?

ZUHURA: Sawa, hilo nalirudisha. Lakini sijahama.

MWANAIDI: Philip na Thwaites walistaafu baada ya msimu ule. Waliondoka na ubingwa ambao Vixens hawakuwa wameupata tangu 2014, enzi za ligi iliyounganisha Australia na New Zealand. Mashabiki wao wa Melbourne wakashangilia sebuleni.

ZUHURA: Hilo liliniuma, hata kama si timu yangu.

MWANAIDI: Na sheria yako mbaya haikufa, dada. Mwaka 2025 ligi ya Uingereza nayo ikaichukua.

ZUHURA: Masikini Mary Cholhok! Mganda wa watu amefunga magoli Loughborough miaka yote hiyo akiwa chini ya pete, na yeye wamemfuata.

MWANAIDI: Je, CHANETA, chama chetu cha netiboli Tanzania, wakisema wanaileta hapa kwetu?

ZUHURA: Kwanza watupe viwanja ambavyo mistari ya kawaida inaonekana. Mvua ikinyesha tu, unamtafuta mwamuzi akuonyeshe nusu duara iko wapi, sasa huo mstari wa ndani utauchorea wapi?