Kabla Hujauza Gari la Petroli, Hesabu Kilomita

Mwenyekiti, asante. Sifa ulizonipa zimekula dakika zangu tano, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kila mafuta yanapopanda naulizwa swali lile lile, tena na mtu aliyetoka kujaza tanki sasa hivi, risiti bado kaishika: nichukue la umeme, nichukue haibridi, lile la petroli lenye mota ya umeme ya kulisaidia, au nibaki na petroli yangu? Nami humuuliza, kwa mwaka unatembea kilomita ngapi? Kimya. Bei ya lita anaijua ya leo, ya mwezi jana na ya mwaka juzi. Kilomita zake mwenyewe hazijui, ingawa zimeandikwa mbele ya macho yake kila anapowasha gari.

Naona wa mbele wanacheka, wamenisikia nikilisema hili mahali pengine. Nitalisema tena. Mkianza kuja na kilomita zenu, nitatafuta hotuba nyingine.

Bei ya mafuta ni kitu kibaya sana cha kuchagulia gari. Bei ni ya wiki hii, gari utakaa nalo miaka minane, kumi. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipowafungia watu bomba, pipa la mafuta ghafi lilipanda karibu mara nne kwa miezi michache. Wamarekani wakakimbilia magari madogo ya Kijapani. Mwaka 1986 bei ikaporomoka, na haukupita muda wakarudi kwenye magari makubwa. Mwaka 2008 ndio ulikuwa kichekesho chenyewe: Julai pipa likapita dola 140, watu wakauza magari yao makubwa kwa bei ya kutupa, wakanunua madogo kwa bei ya kuruka kwa sababu kila mtu alikuwa akitaka dogo. Disemba mwaka ule ule pipa lilikuwa chini ya dola 40. Hesabuni aliyeuza Julai alipoteza nini. Mafuta hayakumfilisi. Kilichomfilisi ni haraka.

Sasa naona mzee pale anatikisa kichwa: "Safari hii hayatashuka." Inawezekana kabisa, wala sibishani naye. Ila hata yasiposhuka, hesabu yangu inabaki pale pale, na nitamwonyesha.

Acheni kufikiria kwa fedha kwanza. Geuzeni kila kitu kiwe lita. Gari la petroli la wastani, la familia, lililotunzwa, linakula kama lita 7 kwa kilomita 100. Haibridi ya ukubwa ule ule inanusa lita 4 na nusu. Ukitoa moja kwa nyingine unabaki na lita 2 na nusu kila kilomita 100, na hiyo ndiyo akiba yote. Sasa nenda kwa muuzaji, uliza haibridi inazidi la petroli kwa kiasi gani, kisha ugawe ziada hiyo kwa bei ya lita ya leo. Tuseme imetoka ziada ya lita 1,500.

Mtu wa kwanza anatembea kilomita 6,000 kwa mwaka. Kazini, sokoni, mara moja moja kwa ndugu. Akiba yake ni lita 150 kwa mwaka. Atarudisha ziada ile baada ya miaka kumi, na kufikia hapo gari lenyewe limeshaomba kustaafu. Mtu wa pili anatembea kilomita 30,000. Anaokoa lita 750, miaka miwili amemaliza, na kuanzia hapo anakula faida. Magari yale yale, bei ile ile, kituo kile kile cha mafuta. Mmoja kafanya la busara, mwingine kanunua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Sasa mzee wangu, pandisha mafuta kwa nusu nzima ya bei. Ziada ile ya lita 1,500 sasa ni sawa na lita 1,000 kwa bei mpya. Yule wa kilomita 6,000 bado anahitaji miaka sita na miezi minane! Yule wa pili, mwaka mmoja na miezi minne. Mafuta yamepanda kwa nusu na wote wawili wako pale pale walipokuwa: wa kwanza hana haja ya kubadilisha gari, wa pili alikuwa nayo hata kabla bei haijapanda. Ndiyo maana siulizi bei.

Na mtu wa kilomita 6,000 mwenye gari la petroli zima, alilokwisha kulilipia, hili hapendi kulisikia kwa sababu amekuja hapa kuruhusiwa kununua. Ndugu, baki nalo. Jaza upepo kwenye matairi, toa mizigo inayoishi kwenye buti, safisha kichungi cha hewa. Hakuna muuzaji atakayekuandalia tangazo la ushauri huo, kwa sababu hauna kamisheni.

La umeme hesabu yake ni ile ile, ila badala ya lita unaweka uniti, zile zile za mita ya umeme ya nyumbani. Gari la umeme la kawaida linatumia uniti kama 17 kwa kilomita 100 kwenye dashibodi. Ukutani utalipia 19 hivi, kwa sababu chaji nyingine inapotea njiani kama joto. Weka uniti 19 kando ya lita 7. Maana yake, kama hela ya lita moja ya petroli inanunua uniti tatu au zaidi, umeme umelishinda gari la petroli. Kulishinda haibridi kunataka uniti zaidi ya nne. Hesabu hiyo unaifanya hapo ulipokaa, na bei za kwenu unazijua kuliko mimi.

Kwa nini umeme unashinda kirahisi hivyo? Lita moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 9. Ni nyingi mno! Lakini injini inafikisha magurudumuni kama robo yake, pengine zaidi kidogo barabara ikiwa nzuri. Iliyobaki inatoka kwa rejeta na ekzosi. Kwenye foleni ni msiba, kwa sababu injini inanguruma, gari limesimama, na kila saa nusu lita mpaka lita nzima inaondoka bila kukusogeza hatua. Mota ya umeme ikisimama imesimama. Ikitembea, sehemu kubwa ya umeme uliotoka kwenye betri inafika kwenye tairi.

Lakini angalieni nilichosema: umeme wa ukutani. Ukuta wa nani? Swali langu la pili, baada ya kilomita, ni hili: gari linalala wapi? Wenye chaja za barabarani za kasi, katika nchi nyingi, wanauza uniti moja kwa bei mara kadhaa ya ile ya nyumbani. Ukitegemea hizo peke yake, hesabu ya uniti tatu inaweza kugeuka, ukajikuta unalipa kama mtu wa petroli na juu yake unasubiri nusu saa. Mwenye sehemu ya kuegesha yenye soketi yake, umeme ni wake. Anayekaa ghorofa ya nne na kuegesha popote palipo wazi, asidanganywe na mtu. Na asije akateremsha ekstensheni dirishani. Nimeshikishwa ekstensheni ya namna hiyo, plastiki ya kichwa imeyeyuka ikashikana na plagi, pini mbili nyeusi tii, na mwenyewe ananiuliza kwa nini gari "linakataa chaji". Ekstensheni ya taa haikutengenezwa kubeba mzigo mzito saa nane mfululizo. Mwiteni fundi umeme avute waya mnene wenye fyuzi yake.

"Umeme ukikatika je?" Hili naulizwa kama vile mafuta hayajawahi kuadimika. Anayetembea kilomita 40 kwa siku anahitaji uniti 8 hivi. Soketi ya kawaida ya nyumbani inampa kwa saa tatu, nne, amelala. Betri yake inabeba uniti 40, 50, 60. Usiku mmoja ukipotea, hata mitatu, bado anatembea. Kukatika kwa wiki nzima ni habari nyingine. Mwenye kuishi hivyo ashike haibridi yake na asijiulize mara mbili.

Haibridi nayo inaeleweka vibaya. Watu wanadhani ina umeme wa bure. Haina! Ile isiyochomekwa, nishati yake yote imetoka kwenye tanki. Kinachofanyika ni kwamba ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta, na mwendo ambao ungeishia kuwa moto kwenye brekipedi unaingia kwenye betri ndogo, ya uniti moja au mbili tu, uutumie tena unapoondoka. Toyota wanauza mfumo huo tangu Prius ya mwaka 1997, kwa hiyo si jambo la majaribio tena. Lakini kama hukanyagi breki, huvuni kitu. Dereva wa mjini, simama-ondoka, anaona maajabu. Dereva wa barabara kuu, kilomita 110 kwa saa asubuhi mpaka jioni, anasukuma upepo tu, na kwake tofauti na gari zuri la petroli, au la dizeli, inapungua sana. La umeme nalo linakula chaji kwa mwendo huo. Ile safari ndefu iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji usiitegemee hapo.

Halafu kuna haibridi ya kuchomeka, yenye betri ya kukutembeza kilomita 40, 50, pengine zaidi kabla injini haijawaka. Kwa mtu anayeichaji kila usiku ni gari zuri mno. Sasa mmoja aliniletea lake analalamika kwamba linakunywa kuliko lile la zamani, na kwamba kampuni imemwibia. Tukafungua buti, tukainua zulia, kebo ya kuchajia ipo kwenye mfuko wake wa nailoni, gundi ya kiwandani haijabanduka! Amebeba betri nzito, mota na chaja kila mahali kama abiria wasiolipa nauli, halafu anashangaa mafuta. Msimcheke, maana ana wenzake. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa kwenye magari yenyewe yakiwa barabarani: haibridi za kuchomeka zilitoa hewa ya ukaa, ile inayotoka mafuta yakiungua, mara tatu na nusu ya ilivyopimwa maabara. Magari ya petroli na dizeli yalizidi vipimo kwa kama asilimia 20 tu. Gari halikudanganya mtu. Vipimo vilikisia kwamba watu watachomeka, na watu hawakuchomeka. Kwa hiyo kabla ya kununua hilo jiulize kwa ukweli, usiku mvua inanyesha, umechoka, kesho ni saa kumi na moja alfajiri: utashuka uchomeke? Kama jibu ni "nitaona", chukua ile isiyohitaji kuchomekwa.

Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Sijui ni dakika mbili au ameshinda. Basi harakaharaka.

Betri haifi ghafla kama balbu. Inapungua taratibu, na adui yake mkubwa ni joto na kukaa imejaa pomoni. Watengenezaji wengi wanaidhamini miaka 8 au kilomita 160,000. Nissan Leaf za mwanzo, kuanzia mwaka 2010, betri zake hazikuwa na mfumo wa kupoozwa kwa maji, na kwenye nchi za joto kali zilizeeka mapema. Ukiuziwa iliyotumika, angalia vijiti vidogo pembeni ya geji ya chaji. Ikiwa mpya ni 12. Vikiwa vinane, umeuziwa theluthi mbili ya gari, basi lipa theluthi mbili.

Wanaosema umeme wenyewe unatoka kwenye makaa ya mawe: ni kweli kwa baadhi ya nchi, na kutengeneza betri kunachafua pia. Lakini deni hilo linalipwa kwa kutembea, kilomita zile zile ninazowauliza. Gari la umeme lililoegeshwa mwaka mzima halijamsaidia mtu.

Matengenezo: la umeme halina oili ya injini wala plagi za kuwashia mafuta, na brekipedi zinadumu. Matairi yanaisha upesi kwa sababu ni zito. Haibridi ina injini kamili, kwa hiyo sevisi yake ni ile ile, asikudanganye mtu.

Na mnunuao haibridi zilizotumika, hili moja liandikeni. Kwenye nyingi, pembeni ya kiti cha nyuma, au chini yake, kuna tundu lenye vijimlango kama vya feni. Hapo ndipo betri inapovutia hewa ya kupoa. Ukikuta limezibwa na begi, au kichungi chake kimejaa vumbi na nywele za mbwa, jua betri hiyo imepikwa miaka mingi. Mwambie fundi akifungue kabla hujatoa hela. Kusafisha ni kazi ya dakika chache, betri ni hela ya kweli.

Ya haidrojeni nilikuwa nayo, na ya kubadilisha gari la petroli liwe la umeme gereji pia. Nimenyang'anywa kipaza sauti, mniulize nje.