Anayeruka kwa Jina la Mwenzake

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Na nyie vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni, viti vya mbele vipo.

Nimeombwa nizungumzie mashirika madogo ya ndege yanayoruka kwa mkataba, na kama yana maisha huko mbele. Mifano nitaitoa Marekani, maana ndiko biashara hii ilikokomaa. Kule unakata tiketi ya shirika kubwa, United, kwenda mji mdogo, ndege ina rangi za United, kumbe rubani na mhudumu wameajiriwa na shirika dogo, SkyWest au Republic. United ndiye anayepanga ratiba, anauza tiketi na kubeba gharama ya mafuta. Mwenye shirika dogo analipwa kwa safari na kwa saa za kuruka. Hapa Mbeya dereva wa daladala humpelekea tajiri hesabu, kinachobaki ndiyo riziki yake. Kule ni kinyume: tajiri ndiye anayempelekea dereva hesabu, viti vijae visijae.

Raha, sivyo? Ila abiria si wako. Atlantic Coast Airlines waliruka kwa ajili ya United kutoka Dulles, Washington. United ilipofilisika mwaka 2002 ikataka kupunguza malipo. Hawa wakagoma, na Juni 2004 wakaanza kuruka wenyewe kwa jina la Independence Air, kwa CRJ, jeti ndogo za Bombardier, za viti 50 na nauli za kutupa. Sasa pigeni hesabu. Ndege ya viti 50 inataka marubani wawili, sawasawa na ya viti 150. Injini ni mbili, na fundi halipwi nusu kwa sababu ndege ni ndogo. Gharama hiyo ukiigawa kwa abiria 50, hata ndege ikijaa hesabu haifungi. Chini ya mkataba hilo halikuwaumiza, kwa kuwa United alikuwa anafidia kwa abiria yule yule anayeunganisha safari ndefu. Novemba 2005 wakakimbilia mahakamani kujikinga na wadai, na Januari 5, 2006 wakafunga.

Hatari ya pili ni kutegemea mteja mmoja. Trans States ilikuwa ikiruka kwa ajili ya United. Ilisimama Aprili 2020. ExpressJet nayo, mwaka huo huo wa korona, United akaamua kazi yake aihamishie mkandarasi mwingine, CommutAir. Kwa saini ya mtu mwingine, kampuni nzima ikabaki haina safari hata moja.

Halafu kuna dari, na dari lenyewe limewekwa na watu ambao hata si waajiriwa wako. Vyama vya marubani wa mashirika makubwa vina kipengele kwenye mikataba yao: ndege ya mkandarasi isizidi viti 76, wala uzito wa kama tani 39 wakati wa kuruka. Embraer, watengeneza ndege wa Brazil, walitengeneza E175-E2, injini mpya, inakula mafuta kidogo, ikazidi uzito huo. Kwa hao wakandarasi haiuziki. CRJ nazo hazitengenezwi tena, baada ya Mitsubishi kuununua mradi huo kwa Bombardier mwaka 2020. Imebaki E175 ya zamani, na zile za viti 50 zinazidi kuchakaa.

Marubani nao wakawa adimu. Baada ya ajali ya Colgan karibu na Buffalo mwaka 2009, iliyoua watu 50, sheria ilibadilika, na kuanzia 2013 rubani msaidizi anatakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500 za kuruka. Zamani 250 zilitosha. Mishahara ikapanda, na haki yao, maana ile ya zamani ilikuwa aibu.

Kwa hiyo naona nini? Watabaki wachache sana, wawili au watatu. SkyWest ana wateja wanne, Delta, United, American na Alaska. Mmoja akinuna, watatu wanamlisha. Mesa, mkandarasi mwingine, alipokosana na American, upande wa abiria akabaki na United peke yake, na mwaka 2025 akamezwa na Republic. American mwenyewe tayari anamiliki mashirika madogo yake, Envoy, PSA na Piedmont. Wa katikati sioni pa kusimama.

Kabla hatujaanza, bwana mmoja aliniuliza kama kampuni ya kwetu inaweza kuweka ndege ndogo Nduli, pale Iringa, ikamletea shirika kubwa abiria Dar. Inaweza. Lakini nionyesheni kwanza miaka ya mkataba na miaka ya mkopo. Benki ikitoa mkopo wa miaka kumi na mkataba ukiwa wa mitano, mitano ya mwisho unaibeba ndege mgongoni. Pili, tafuteni mteja mwingine mapema. Ruaha ina viwanja vya changarawe, na watalii wanalipa kiti bila kusubiri ratiba ya mtu wa Dar. Hapo Caravan moja, ile ndege ndogo ya injini moja, ina kazi ya uhakika. Jeti ya viti 50, mimi singeigusa.