Alama 515 na Zamu ya Bandarini

MWALIMU: Wasikilizaji wetu, karibuni tena katika kipindi chetu kutoka hapa Mombasa. Leo hatukualika mgeni, kwa sababu mwenye kisa ni mwenzangu mwenyewe. Dadangu, mwezi wa tatu ulifanya GMAT, mtihani ambao vyuo vingi vya biashara huutumia kuchagua wanafunzi wa shahada ya uzamili, na ulirudi kutoka Nairobi umenuna kiasi kwamba hata salamu zako zilikuwa za kudaiwa.

DADA: Nilinuna kwa haki, Mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi minne huku nikifanya kazi kutwa katika kampuni ya uwakala wa forodha, na lengo langu lilikuwa 605. Nilipomaliza, skrini ikaniandikia 515. Siku hiyo moja watu wanne waliniambia kuteleza si kuanguka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimetelezea wapi.

MWALIMU: Tuwaeleze kwanza wasikilizaji maana ya namba hizo. Mtihani wa sasa, ulioanza mwishoni mwa 2023, hutoa alama kuanzia 205 hadi 805, na kila alama huishia na tarakimu ya 5. Ule wa zamani ulitoa 200 hadi 800, lakini vipimo hivyo viwili havilingani, kwa kuwa aliyepata 645 leo yuko takriban pale alipokuwa mwenye 700 ya zamani. Nalitaja hili kwa sababu nilisikia kwamba ulikuwa ukijipima na binamu yako.

DADA: Binamu alipata 620 miaka hiyo ya nyuma, na familia nzima inaikumbuka namba hiyo kama tarehe ya harusi. Uliponieleza kwamba namba zetu hazisomeki kwa rula moja, nilipumua kidogo. Nilipumua tena nilipojua kwamba chuo huona alama ile tu ambayo mtahiniwa amechagua kuituma, kwa hiyo 515 yangu ingeweza kubaki siri yangu, yako, na sasa ya wasikilizaji wote.

MWALIMU: Na bado ulitaka kurudia haraka haraka.

DADA: Usiku uleule! Kanuni inaruhusu kurudia baada ya siku 16, na mtu anaweza kufanya mtihani huu hadi mara tano katika miezi 12. Mimi niliisoma ruhusa ile kama amri. Nilikuwa nimekwisha kufungua ukurasa wa malipo uliponipigia simu.

MWALIMU: Nilikuuliza swali moja tu: katika siku hizo 16, ni lipi litakalobadilika? Ukanyamaza kimya, mpaka nikadhani laini imekatika.

DADA: Sikuwa na jibu, kwa sababu mpango wangu ulikuwa kuongeza saa, na saa zenyewe sikuwa nazo. Naomba niieleze siku yangu ilivyokuwa. Naishi Likoni. Naondoka nyumbani kabla ya saa moja asubuhi, navuka kwa feri, na meli ikiwa imetia nanga tunashughulikia hati za mizigo hadi saa mbili au saa tatu usiku, kwa kuwa siku za kuhifadhi kontena bila malipo zikipita, mteja hutozwa kwa kila siku inayoongezeka, na lawama hutua mezani kwangu. Nikifika nyumbani nakula, naoga, kisha nafungua kitabu saa nne usiku. Katika daftari langu la zamani kuna ukurasa ambapo mwandiko wangu unaanza vizuri, unainama, halafu unakuwa mstari mmoja mrefu unaotoka nje ya karatasi. Hapo ndipo nilipolala na kalamu mkononi. Ukurasa huo niliuhesabu kuwa saa mbili za masomo.

MWALIMU: Ukurasa huo ulinionyesha, nami nikakwambia uubandike ukutani. Wafanyakazi wengi hujidanganya kwa hesabu ya namna hiyo. Wanajumlisha saa walizokaa mbele ya kitabu, wala hawaulizi akili ilikuwa macho kwa dakika ngapi.

DADA: Kwa hiyo tulihamisha masomo hadi alfajiri. Baada ya swala nilikuwa nakaa kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na robo, siku tano kwa wiki, kabla simu ya ofisi haijaamka. Jumapili nilikuwa nafanya mtihani mzima wa majaribio, au nusu yake. Usiku nilijikataza kabisa. Muda wenyewe ulipungua karibu nusu ukilinganisha na zamani, jambo ambalo mama yangu alilifasiri kuwa nimekata tamaa.

MWALIMU: Tuje kwenye makosa yenyewe, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kitu hata mimi ninayefundisha hesabu. Mtihani una sehemu tatu, kila moja ya dakika 45: hesabu, yenye maswali 21, kusoma na kupima hoja, yenye maswali 23, na uchambuzi wa data, yenye maswali 20. Ripoti ya matokeo humwonyesha mtahiniwa jinsi alivyotumia muda wake. Yako ilionyesha nini?

DADA: Ilinionyesha kwamba katika uchambuzi wa data nilikuwa na wastani wa dakika mbili na robo kwa kila swali, lakini kuna maswali niliyoyapa dakika nne na zaidi, na mwishoni nikaacha matatu bila kuyagusa. Mtihani huu huadhibu maswali yaliyoachwa wazi, kwa hiyo nililipa mara mbili.

MWALIMU: Lile swali la makontena lisome, tafadhali.

DADA: Hili ni la mazoezi ya uchambuzi wa data, ulilitunga wewe. Meli imebeba makontena ya futi 20 na ya futi 40. Je, ya futi 20 ni mangapi? Taarifa ya kwanza inasema kwamba uwiano wa ya futi 20 kwa ya futi 40 ni 3 kwa 2. Taarifa ya pili inasema kwamba ya futi 20 yanazidi ya futi 40 kwa 60. Mtahiniwa haulizwi idadi. Anaulizwa kama taarifa hizo zinatosha kuipata idadi, iwe kila moja peke yake au zote mbili kwa pamoja.

MWALIMU: Nawe ukafanya nini?

DADA: Nikapiga hesabu yote. Tofauti ya sehemu tatu na sehemu mbili ni sehemu moja, sehemu moja ni 60, kwa hiyo ya futi 20 ni 180 na ya futi 40 ni 120. Nikahakiki kwa kujumlisha, nikapigia mstari chini, halafu nikatafuta 180 miongoni mwa majibu, wala haimo! Jibu lilikuwa kwamba taarifa zote mbili pamoja zinatosha, na hilo lilikuwa wazi tangu sekunde ya ishirini.

MWALIMU: Nilidhani ni uzembe, lakini nilipoendelea kukuuliza nikagundua kwamba ni kazi yako iliyokufundisha hivyo.

DADA: Ndivyo. Katika hati za forodha huwezi kusema kwamba ushuru unaweza kupatikana, kisha ukaondoka. Lazima uupate hadi senti ya mwisho, uhakiki, utie sahihi. Kwa miaka sita nimelipwa mshahara kwa kutoacha hesabu njiani, halafu mtihani ukanitaka niiache. Nilipoandika daftari la makosa nilitenga safu tatu: sikujua, nilikosea kwa haraka, na nilijua lakini nilichelewa. Safu ya tatu ilijaa kabla ya nyingine kufika nusu ya ukurasa.

MWALIMU: Kwa uungwana tuseme pia kwamba safu ya kwanza haikuwa tupu. Uwezekano na asilimia zilikusumbua, na hata leo zinakusumbua.

DADA: Zinanisumbua, sikatai. Ila kwa dakika 75 za alfajiri nililazimika kuchagua, nikachagua palipokuwa na alama za karibu. Wewe ulitaka nianze na hesabu.

MWALIMU: Nilitaka, na bado naona ungefaidika. Tuliache hilo. Safari ya pili ulibadilisha nini kingine?

DADA: Mara ya kwanza nilipanda basi la usiku, zaidi ya kilomita 470, nikafika Nairobi kabla ya mapambazuko na kuingia kwenye mtihani saa tatu asubuhi nikiwa na shingo iliyopinda. Kuufanyia nyumbani kwa intaneti kunaruhusiwa, lakini chumba lazima kiwe na mtu mmoja tu, na kwetu Likoni umeme hukatika bila kubisha hodi. Kwa hiyo mara ya pili niliomba siku mbili za likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, na kwa makubaliano na mwajiri si lazima zichukuliwe zote kwa mkupuo. Nikapanda treni ya mchana, nikalala kwa shangazi. Vilevile nilibadilisha mpangilio, kwa kuwa mtahiniwa huchagua aanze na sehemu ipi. Nilianza na uchambuzi wa data nikiwa mzima, na yale mapumziko ya dakika 10, ambayo mara ya kwanza niliyadharau, niliyatumia kula tende tatu na kunywa maji.

MWALIMU: Na skrini ikaandika?

DADA: 575. Uchambuzi wa data ulipanda sana, kusoma kulipanda kiasi, na hesabu ilibaki palepale, kama ulivyotabiri. Sikufika 605. Nimeituma hiyohiyo pamoja na maombi yangu, na jibu bado halijaja. Alama hudumu miaka mitano, kwa hiyo kama watakataa, mwakani sitaanza upya.

MWALIMU: Kabla hatujaagana, nina swali ambalo hukulitarajia. Feri imebeba magari na pikipiki, jumla yake 84. Tunataka kujua pikipiki ni ngapi. Taarifa ya kwanza: pikipiki ni mara tatu ya magari. Taarifa ya pili: pikipiki zinazidi magari kwa 42.

DADA: Kila moja inatosha peke yake.

MWALIMU: Haya, na pikipiki ni ngapi?

DADA: Sijui, Mwalimu. Sikuhesabu.