Nani Anasimama Mbele ya Kamera: Filamu, Masimulizi na Sisi Watu wa Kigoma

Mhadhara uliotolewa mjini Kigoma mbele ya walimu wa Kiswahili na vijana wanaoanza kutengeneza filamu

Wazee wangu wa Ujiji, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi wadogo zangu mliokuja na kamera mabegani, nawasalimu. Nimeombwa nizungumzie filamu na masimulizi, namna yanavyoionyesha jamii na namna yanavyoijenga. Nitaanzia bandarini, kwa sababu mji huu umesimuliwa sana na wageni, na yaliyotupata katika masimulizi hayo yana mengi ya kutufundisha.

Sote tunaijua meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa masandukuni, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli, hadi ikaunganishwa tena hapa Kigoma ikiwa na jina la Graf von Goetzen. Mwezi wa Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipoona wamezidiwa, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito isiliwe na kutu. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunaloliita hadi leo. Mwaka 1951 ikatoka filamu ya “The African Queen”, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester, na meli ya Kijerumani iliyomo katika hadithi hiyo chimbuko lake ni hii yetu. Katika filamu, meli inalipuliwa na kuzama. Kijiji cha Waafrika kinachomwa moto mwanzoni, kisha hadithi inawaacha wanakijiji kwenye majivu yao na kuwafuata Wazungu wawili mtoni. Mtu wa nje aliyelijua ziwa letu kwa filamu hiyo peke yake alibaki na meli iliyokufa na pwani isiyo na wenyewe, ilhali miaka hiyohiyo bibi zetu walikuwa wakipanda Liemba na magunia yao ya dagaa, wakishuka nayo kusini hadi Kasanga na Mpulungu.

Simlaumu mtunzi kwa kubuni. Bibi akisema “hadithi hadithi”, sisi wenyewe huitikia “hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea”, na kwa kuitikia hivyo tumempa ruhusa. Linalonishughulisha ni nani anayepewa uso na jina katika hadithi, na nani anayegeuzwa kuwa sehemu ya mandhari, pamoja na mitende na viboko.

Tazameni na Ujiji. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone pale, na dunia nzima inaikumbuka salamu moja inayosemekana ilitolewa na Mzungu mmoja kumpa mwenzake. Lakini kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliyemsalimu kwa Kiingereza kabla ya Livingstone alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na nyuma yake akaja Chuma. Watu hao wawili ndio waliokuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone baada ya kifo chake mwaka 1873, kutoka ndani kabisa ya nchi inayoitwa leo Zambia hadi Bagamoyo, safari ya miezi kadhaa kwa miguu. Nawaomba vijana mlitafakari hilo kama watengenezaji wa filamu. Maiti inabebwa kwa siri kupita vijiji vinavyoiogopa, wabebaji wanagombana, wanaugua, wengine wanafia njiani. Hadithi kubwa kama hiyo imewekwa pembeni, na salamu ya sekunde mbili imewekwa katikati.

Gombe nayo ni vivyo hivyo, ingawa hapo kuna jambo la kututia moyo. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika pale mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, na mwaka 1965 televisheni ya Marekani ikaonyesha filamu iliyomfanya yeye na sokwe wa Gombe wajulikane kila mahali. Ilikuwa kazi nzuri na siipunguzii chochote. Hata hivyo, baada ya wanafunzi wanne kutekwa kituoni hapo mwaka 1975 na watafiti wa kigeni kuondoka, waliobaki msituni wakiwafuata sokwe tangu alfajiri walipotoka viotani hadi walipolala walikuwa vijana wa vijiji vya jirani, wana wa wavuvi. Daftari zao waliziandika kwa Kiswahili. Yaani sehemu kubwa ya yale ambayo wataalamu wa dunia wameyajua kuhusu maisha ya sokwe ilisimuliwa kwanza kwa lugha hii tunayozungumza ukumbini, halafu ndipo ikatafsiriwa.

Mtaniuliza, je, sisi watazamaji tulikuwa tumekaa kimya muda wote huo, tukimeza kila tulicholetewa? Hapana, na ushahidi wangu ni vibanda vya video. Televisheni ilianza kuonekana Tanzania Bara mwaka 1994, lakini wengi wetu tuliijua sinema kwenye kibanda cha mbao, mabenchi yamebanana, jenereta linanguruma nje, na pembeni ya runinga amekaa mtafsiri na kipaza sauti chake. Nchi nzima ilimjua mtafsiri Lufufu kwa sauti yake. Hapa Mwanga ya Kigoma tulikuwa na wa kwetu, na bado namsikia. Filamu ilikuwa ya Kichina, na baba mmoja alikuwa anamkatalia binti yake kuolewa. Mtafsiri hakuhangaika na maneno ya mwigizaji. Alimfanya yule baba aulize posa imeletwa na nani, mshenga yuko wapi, na iweje kijana mzima aje ukweni peke yake kama mwizi wa kuku. Kibanda kizima kiliangua kicheko, kisha kikaanza kubishana, wengine wakimtetea binti na wengine wakimtetea baba, hadi steringi, yaani shujaa wa filamu, aliporudi na ngumi zake na watoto wakapiga kelele kwamba steringi hafi. Usiku ule ukumbi wa wavuvi na wabeba mizigo ulijadili ndoa kwa uzito ambao sikuusikia tena hata katika vikao vya watu wa makamo. Naihesabu tafsiri ya namna ile kuwa sanaa kamili, na nasikitika kwamba hatukuiandika wala kuihifadhi kadiri ilivyostahili.

Basi filamu zetu wenyewe zilipokuja, zile tunazoziita Bongo muvi, zilikuta watazamaji waliokwisha kuzoea kuhojiana na picha. Zilivuka ziwa hadi Bujumbura na mashariki ya Kongo, na zilibeba Kiswahili chetu hadi kwenye nyumba ambazo vitabu vyetu havikufika. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika kumuaga Dar es Salaam ulionyesha kwamba watu walikuwa wanamzika mtu wanayemjua, ambaye wengi hawakuwahi kumpa mkono.

Ni kwa sababu nazipenda filamu hizi ndipo nasema hili linaloniuma. Katika nyingi kati ya hizo, mchawi ni bikizee. Anakaa peke yake, amejitanda kanga iliyochakaa, kamera inamsogelea polepole, muziki unashuka, na macho yake ni mekundu. Mtazamaji haambiwi lolote zaidi, kwa kuwa macho mekundu yamekwisha kutosha kuwa hukumu. Sasa tokeni nje ya filamu. Katika mikoa yetu ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yametajwa mara nyingi kuwa ndiyo dalili. Hapa Kigoma tunawajua kamchape, wasaka wachawi wanaoingia kijijini kwa ngoma na kunyoosha kidole nyumba ya fulani, na tunajua mali na maisha yaliyopotea kwa kidole hicho. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyozaa imani hiyo, maana imani hiyo ni ya kale kuliko kamera. Nasema kwamba mtoto wa miaka minane aliyemwona yule bikizee mara arobaini kwenye runinga, kila mara akiwa na hatia, hawezi kupita mbele ya kibanda cha jirani yake mzee kwa moyo uleule. Tumempa picha, nayo inakaa ikimsubiri mtu wa kufanana nayo.

Hapo ndipo naona mtengenezaji wa filamu anafanya kazi ileile iliyofanywa na wale waliotupiga picha sisi zamani. Yule bikizee amewekwa pale alipowekwa mwanakijiji wa “The African Queen”. Hana jina, hana neno la kusema, yupo ili mwingine awe shujaa.

Mwaka jana kijana mmoja, ambaye leo yupo humu na ameniomba nisimtaje, alinionyesha picha alizopiga kwa simu kule Katonga. Bibi yake anabanika migebuka. Hakuna muziki wala maelezo. Anainama, anageuza samaki mmoja mmoja juu ya chanja, anapuliza kuni mbichi, moshi unampiga usoni naye anafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha anainama tena. Kijana hakuizima simu. Dakika zinapita, samaki wanaiva rangi ya dhahabu, na mwishoni bibi anainua kichwa kumwambia mjukuu wake aache kuchezea simu alete maji. Macho yake ni mekundu kabisa, na kila aliyetazama tangu mwanzo anajua wekundu ule umetoka wapi.