Ndoo ya mahindi na tarehe 29 Februari

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Hii ndoo isiwape shida, kuna dada pale mlangoni kaniuliza nauza mahindi bei gani, siuzi, humu kuna punje 1,461, nimezihesabu jana usiku mwenyewe mpaka macho yakauma, na moja nimeipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu ile. Kwa nini 1,461? Miaka minne, mitatu ya siku 365 na mmoja mrefu wa 366, jumlisha. Kila punje ni siku, nyekundu ndo 29 Februari.

Sasa mama kazaliwa tarehe hiyo na mtoto wake naye hivyohivyo, uwezekano wake ukoje? Wengi wanakimbilia kuzidisha 1,461 mara 1,461, wanapata moja kwa 2,134,521, basi wanasema muujiza. Hesabu iko sawa ila hilo ni swali lingine, ni la mtu yeyote tu unayekutana naye stendi, humjui, unataka yeye na mama yake wote wawe wamechomoa nyekundu. Kama mama unamjua na tarehe yake unaijua, si ameshachomoa huyo! Kabaki mtoto peke yake, moja kwa 1,461. Akizaa watano (mapacha tuwaweke pembeni) inakuwa kama moja kwa 292, hapo muujiza uko wapi.

Na hiyo milioni mbili yenyewe msiiogope. Sensa ya 2022 Tanzania tulikuwa 61,741,120, gawanya uone, inakuja kama 29. Yaani kama watu wanazaliwa sawasawa siku zote, wapo kama 29 nchi hii wanaosheya 29 Februari na mama zao, na wengine kama hao na baba zao.

Ndio kaka, sema... Anauliza si lazima mama awe na miaka 20, 24, 28, yaani inayogawanyika kwa nne? Kweli kabisa, tena ajifungue siku yake ya kuzaliwa, ila usiipige mara mbili, hilo limo tayari kwenye ile 1,461. Kuna familia iko kwenye rekodi za Guinness, babu kazaliwa Ireland 1940, mwanawe Uingereza 1964, mjukuu 1996, wote 29 Februari. Toa uone: 24, halafu 32. Hao ukianzia kwa babu ndo unarudi kwenye ile milioni mbili, sasa hapo nakubali ushangae.

Kitu ambacho ndoo yangu inadanganya ni upasuaji, siku hizi mama anapangiwa tarehe, anaweza kuikwepa au kuiomba, punje hazijachanganywa vizuri.

Haya mdogo wangu wa shati la bluu, njoo uchomoe, usichungulie. Nyeupe. Irudishe, koroga, mwenzako aje.